Hamira ya Baba, Mkate wa Mama

Mimi ndiye niliyesema. Naanza na hilo ili msomaji asipoteze muda akimshuku mtu mwingine, na pia kwa sababu nimekaa nalo miaka mingi bila kulitamka mbele ya yule aliyestahili kulisikia.

Baba yangu alifanya kazi jijini, katika kiwanda kikubwa cha bia, kile cha zamani chenye mnara wa matofali mekundu. Mama na mimi, kitinda mimba wake, tulibaki nyumbani upande wa Litein na majani chai yetu na ng'ombe wawili wa maziwa. Baba alikuja mwisho wa mwezi akipata nafasi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyeonja pombe hata tone. Bia ya mgao waliyopewa wafanyakazi aliwaachia wenzake. Lakini kanisa letu halikumtofautisha mnywaji na mpishi. Aliyeshika kazi ya pombe alikaa benchi la nyuma, na Baba alikaa huko, kofia magotini, akiimba besi nzuri kuliko wazee wote wa mbele.

Aliyeumia zaidi ni Mama. Walioana kimila: koito ya mahari ilifanywa, ng'ombe wakatoka, watu wakala wakashiba. Kanisa nalo lilitaka ndoa ibarikiwe, na halingeibariki mpaka Baba aache kile kiwanda. Mwanamke ambaye ndoa yake haijabarikiwa hakuruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi sahani ya mkate ilipita mbele ya magoti yake, akaipokea kwa mkono huu na kumpa jirani kwa mkono ule, bila kuitazama.

Sasa sikia ajabu. Mkate uliokuwa kwenye sahani ile aliuoka yeye mwenyewe. Bibi aliyekuwa akiuoka tangu zamani alidhoofika macho, na wazee walikuwa wameuonja mkate wa Mama kwenye harusi fulani, wakakata shauri. Mikono yake ilifaa, mdomo wake haukufaa. Hakuna mzee aliyeona kasoro hapo, na Mama hakulalamika. Jumamosi alijifunga leso safi, akaweka sufuria juu ya jiko na makaa mengine juu ya kifuniko, na mtu akipiga kelele jikoni alitolewa nje. Siku hizo alikuwa na furaha ambayo sikuiona siku nyingine. Hakuwa na njia nyingine ya kuikaribia ile meza.

Hamira aliletewa na Baba kutoka kiwandani, ndani ya chupa ya chai ili isipate joto njiani. Ilikuwa kama uji mzito wa rangi ya maziwa yaliyoungua. Mama aliiosha kwa maji baridi mara tatu nne, akiiacha itulie na kumwaga maji ya juu, mpaka uchungu wote utoke. Kisha aliilisha unga na sukari kidogo kwenye chungu, ikaishi hapo hadi Baba arudi tena. Nilizoea kuiona kama nilivyozoea kuona mtindi.

Mwaka niliomaliza darasa la nane, Baba alinipeleka kuona kiwanda, siku ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa zao. Nilidhani nitaona walevi. Niliona shayiri. Malori yaliileta kutoka upande wa Mau, ikamiminwa kwenye mabirika na kulowekwa, kisha ikatandazwa kwenye sakafu ndefu kama uwanja wa shule ili iote. Wanaume waliigeuza kwa majembe ya mbao, polepole, wakitembea kinyumenyume wasiikanyage. Ikishachipua ilikaushwa kwa hewa ya moto, ikawa kimea, na harufu yake ilikuwa ya mahindi ya kuchoma. Halafu ikasagwa, ikakorogwa na maji moto, ukachujwa uji mtamu ambao Baba alinionjesha kwa kijiko. Machicha yalichukuliwa na wafugaji kulisha ng'ombe. Uji ulichemshwa kwenye masufuria ya shaba yenye ukubwa wa nyumba yetu, na humo wakatupa maua makavu machungu kutoka ng'ambo. Mwisho wa safari, kwenye chupa, kulikuwa na makelele ya kuziba masikio, na wanawake waliokaa mbele ya ubao wenye taa, wakitazama kila chupa inayopita kama ina uchafu. Walipumzishwa kila baada ya muda mfupi, la sivyo macho yangewafia.

Chumba cha Baba kilikuwa katikati ya hayo yote, na kilikuwa kimya. Vigae vyeupe, baridi ya Limuru, na yeye amevaa koti zito. Kazi yake ilikuwa kuitunza hamira: kuitoa kwenye tangi lililomaliza kuchachuka, kuinusa, kuipoza, na kuitia kwenye tangi jipya.

"Hii nimeikuta hapa," aliniambia. "Aliyenifundisha pia aliikuta. Haijawahi kufa. Ikikufa kwa mkono yangu, nitaambia watu nini?"

Nilimwona mkubwa siku hiyo. Kwetu alikuwa mtu wa benchi la nyuma, na huku wahandisi wenye tai walikuwa wakisubiri aseme kama hamira iko sawa. Nilirudi nyumbani kifua mbele, naye akaja nami kwa likizo ya wiki moja.

Juma hilohilo nilikuwa darasa la ubatizo. Aliyetufundisha alikuwa mzee wa kanisa, jirani yetu, mtu mwenye nia njema na mdomo usiojua kupumzika. Wenzangu walipotoka, akaniita.

"Chepto," alisema, ndivyo tunavyomwita msichana, "wewe ni mtoto mzuri. Lakini uombee baba yako sana. Ile kitu anapika huko ni sumu."

Hasira yangu sikuipata shuleni, nilizaliwa nayo. Ilinipanda mpaka masikioni.

"Kama ni sumu, mzee, mbona hamjakufa? Mkate mnakula hapa kila mwezi inafurishwa na hamira ya huko. Baba ndiye huletea Mama."

Nilitaka kumshinda. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniambia niende nyumbani. Nilifika nusu ya njia ndipo nikaelewa nilichofanya.

Siku mbili baadaye Mama aliitwa mbele ya wazee. Kwa desturi yao aliyeleta habari hatajwi, na yule mzee, nimpe haki yake, hakunitaja. Walimwambia tu kwamba wamesikia. Walitaka kumsaidia pia: aseme hakujua hamira ile ilitoka wapi, kosa limwendee mume, yeye aendelee kuoka. Mama akawajibu kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Alisema hamira si pombe, ni kiumbe cha Mungu kama nyuki, na aliyeileta ni mume wake. Wakamshukuru kwa kusema ukweli, wakamwondolea kazi ya mkate. Jumapili ya Meza iliyofuata walinunua mkate wa duka Litein.

Aliporudi kutoka kwenye kikao hicho, Baba alikuwa amekaa mezani. Mimi nilisimama mlangoni na sahani za mchana, natoka kuziosha.

"Baba watoto," Mama alisema, "ni wewe ulisema?"

Baba alikuwa ameshinda Litein juzi yake na wanaume wenzake, akiwasimulia mambo ya kiwanda. Mama alishamaliza hesabu yake. Baba akafungua mdomo kukana, naye alipogeuza macho akaniona. Sijui uso wangu ulikuwaje. Alinitazama kidogo tu, halafu akamgeukia mkewe.

"Ni mimi," alisema. "Niliropoka tu. Sikufikiria."

Mama alikwenda jikoni, akachukua kile chungu cha hamira, akakimwaga chini ya michai. Tangu siku hiyo hakuoka tena, hata mkate wa nyumbani. Baba akija alimpokea, alimpikia, alimfulia, alimfungia mzigo wa kurudi nao. Lakini yale mazungumzo yao marefu ya jioni, ambayo yalinilaza usingizi utoto wangu wote, yaliisha. Baba alikaa kwenye kiti chake akisikiliza redio. Mimi nilijiambia nitasema kesho. Nilibatizwa nikiwa bado najiambia hivyo.

Miaka mitatu baadaye Mama alianza kukwamwa na ugali. Akabadili akala uji, baadaye ukawa maziwa tu. Watu wa kwetu wanaujua ugonjwa huo wa koo, na wakisikia mtu anateremsha chakula kwa maji hutazamana. Daktari alituonyesha picha akatueleza taratibu. Baba akaenda jijini, akamkabidhi mwingine chumba chake, akarudi nyumbani na sanduku moja. Hakumwambia mtu kwamba ilimuuma.

Kanisa likasema sasa hakuna kizuizi. Mchungaji alikuja nyumbani na wazee wawili, akaibariki ndoa yao Mama akiwa ameegemea mito, Baba amevaa koti lake la Jumapili. Kisha akatoa kisahani na kikombe. Mama alikuwa ameingoja siku ile zaidi ya miaka ishirini, na koo lilikuwa limefungwa. Mchungaji aliloweka chembe ya mkate kwenye juisi akamgusisha midomo. Alilamba kidogo, akafumba macho. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na mpaka leo sijui hasira ile ilikuwa juu ya nani zaidi, juu yao au juu yangu mimi.

Wageni walipokwisha kuondoka, akamwita Baba karibu. Mimi nilikuwa nimeshika beseni pembeni ya kitanda.

"Ile maneno ya mkate," alisema, na sauti ilikuwa imebaki ndogo sana, "uliniumiza. Uliniumiza sana. Lakini nimekusamehe."

Alimshika mkono. Baba akainama mpaka paji la uso likafika kwenye blanketi, akasema asante. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikalibeba beseni kwenda kulimwaga nje. Mama alituacha wiki hiyohiyo.

Baada ya mazishi tulirudi shambani, kwa maana majani hayangoji. Tulikuwa tunachuma mistari miwili iliyokaribiana nikamwambia Baba kwamba aliyesema ni mimi.

"Najua," alisema, bila kuinua kichwa.

"Mbona ulikubali?"

"Ulikuwa umesimama hapo na sahani, unatetemeka kama kuku wa mvua. Ningefanya nini?"

Nikamwambia nimechoka kubeba, kwamba Jumapili nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote ni mimi, nilisafishe jina lake. Hapo ndipo aliacha kuchuma. Alinitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu anayeogopa kunyang'anywa kitu.

"Usiseme," alisema. "Mama yako alinisamehe. Alinishika mkono, wewe uliona. Sasa ukichukua hiyo makosa, mimi nitabaki na nini yake?"

Akageukia mstari wake, na mimi nikashika wangu.