Mama Pindo na Mstari Mwekundu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na wateja wamempa jina la Mama Pindo kwa sababu kila nguo inayoingia dukani kwetu lazima aikague pindo kwanza na kulisema vibaya. Hata ukileta koti la kubadilisha zipu tu, ataligeuza, ataliangalia chini, kisha atakuuliza, "Aliyekushonea hili alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mimi nakata, yeye anashona. Tumekaa hivyo miaka kumi na saba, meza yangu ikitazamana na cherehani yake, kwa hiyo nikisema namjua, namjua.

Mumewe, ambaye ni kaka yangu, alifariki wakati mtoto wao wa pekee akiwa na miaka tisa. Wakabaki wawili, na starehe yao ya kila jioni ikawa tamthilia. Wanakaa kochi moja, miguu juu ya meza, wanawasengenya watu wa kwenye TV kama majirani. Kijana alipokua akawa fundi lifti, na ndiye aliyefungua akaunti ya kituo chao cha televisheni, ile ya mtandaoni, ambayo kipindi kikikupita hewani unakikuta humo kwa siku saba. Akaiweka kwenye simu yake, na kwenye simu, tableti na TV ya mama yake. Akaunti moja, ya wote wawili.

Basi Mama Pindo akanogewa. Anaanza kipindi dukani, simu ameiegemeza kwenye kopo la bobini za uzi, anasikiliza zaidi kuliko kutazama, maana kola inataka macho yote mawili. Anaendelea jikoni kwenye tableti yenye ufa. Anamalizia sebuleni. Popote anapofungua, picha inaanzia palepale alipoachia, na chini yake kuna mstari mwekundu unaoonyesha mtu kafika wapi. Mwanzoni alidhani vyombo vyake vinapelelezana.

Kisha kijana akapata kazi mji wa mbali. Alimwambia mama yake zikiwa zimebaki siku mbili, tayari kashakubali, kashasaini. Mama Pindo akapandisha hasira. "Nenda," akamwambia, "na ukifika usinipigie simu." Jamani, huyu ni mtoto ambaye hajawahi kutii hata agizo la kuvaa soksi. Hilo akalitii. Miezi mitano, kimya. Mimi nilikuwa nampigia, ananiuliza, "Shangazi, mama hajambo?" namjibu amuulize mwenyewe. Ugumu huo wa kichwa kautoa kwetu au kwao, sitaki kesi.

Mwezi wa pili wa kimya hicho, asubuhi moja, wifi alifungua simu dukani akakunja uso. Alikuwa ameachia dakika ya kumi na mbili. Mstari ulikuwa dakika ya thelathini na moja.

"Kuna mtu anaingia kwenye simu yangu," akasema.

Nikamwambia abonyeze tuone. Picha ikafunguka palepale anapotokea yule shangazi mbaya wa kwenye tamthilia, mwenye hereni kubwa na mdomo mchafu. Wifi akaweka mkasi chini.

"Ni mwanangu. Hajawahi kumvumilia huyu mwanamke. Akitokea tu, anazima." Akanitazama, akaongeza, "Mashangazi mna tabu."

Nikamwachia, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Tangu siku hiyo akawa hatazami, anaandika barua. Anaurudisha mstari hadi mahali mama mmoja anamuuliza mwanawe kama amekula, anaacha hapo. Kesho yake anaukuta umesogea hadi mtoto anapojibu kwamba ameshiba. "Umeona? Amekula," ananiambia. Nikamwambia, "Wifi, mtoto kachoka kazini, kasinzia tu." Hakutaka kusikia. Aliimba kutwa nzima, na sauti hana.

Ikafika sehemu ya mwisho ya tamthilia. Iliwekwa Jumamosi. Hakuibonyeza.

"Hii lazima tuitazame wote," akasema. "Akianza nitauona mstari, nami nitaanza."

Jumapili hakuna mstari. Jumatatu hakuna. Chini ya picha pameandikwa siku zilizobaki: tano, nne, tatu. Kufikia Jumatano alikuwa ameacha kuuliza ataanza lini, ananiuliza kamba za lifti huwa zinakatika mara ngapi kwa mwaka. Alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nilimwambia asinipigie. Nikimpigia mimi nitakuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba nilikosea."

"Kwani hukukosea?"

Akakanyaga pedali, akashona mpaka uzi ukakatika.

Hapa nikiri jambo. Nilikuwa nimezungumza na kijana Jumanne, mzima kabisa, hata nilimsikia anatafuna. Sikumwambia wifi. Niliona nikimwambia atatulia, na akitulia hatapiga. Ulikuwa ukatili, ndiyo, na roho iliniuma kila nikimwona anavyoifungua ile simu baada ya kila kifungo. Lakini nilikuwa nimewachoka wote wawili.

Jumamosi saa sita mchana akaifungua tena. Picha haipo. Pameandikwa tu kwamba kipindi hiki hakipatikani. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, midomo ikicheza. Akachomeka sindano kwenye mto wake, akapiga, akaweka sauti ya nje na kuilaza simu mezani.

Kijana alipokea kabla haijaita mara ya pili. Hata salamu hakutoa.

"Mama, wameiondoa. Mbona hukuianza?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe. Niliona nikikutangulia nitakuwa nimekuacha tena."

Nikaacha kukata.

"Baba," wifi akasema, na hivyo ndivyo anavyomwita tangu mdogo, "nilikosea kukukataza. Niliogopa kubaki peke yangu kwenye ile nyumba."

"Najua. Na mimi nilipaswa kukwambia mapema." Akajikohoza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akazima sauti ya nje, akanionyesha kwa mkono nishughulike na yangu, akatoka na simu hadi barazani. Kwenye cherehani yake kulikuwa na kola kumi na nne za sare za shule, mwenye nazo anazifuata saa nane. Nikakaa kwenye kiti chake nikazishona zote, na sikumgongea dirisha hata mara moja.