Stafeli la Bwana Bado

Sokoni walimwita Bwana Bado. Mchuuzi akija kuulizia ndizi, alifungua mlango wa chumba cha kuvundikia, akaminya moja, akanusa, akasema, "Bado." Ukimbembeleza, alikufungia mlango.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Mikungu mibichi aliilaza juu ya magunia, na katikati yake akaweka papai lililoiva. Tunda likiiva hutoa gesi isiyoonekana, nayo huyaamsha yaliyolala jirani: wanga hugeuka sukari, nyama hulegea, ukijani huondoka. Mpwa wake, mwalimu wa kemia, alimwambia inaitwa ethilini.

"Kumbe ina jina!" alicheka. "Mimi naiita pumzi."

Dada yake mkubwa, mama wa mpwa huyo, alipozidiwa na maradhi, alitamani stafeli la mti ulio nyuma ya nyumba walikozaliwa. Bwana Bado alikwenda kulichuma mwenyewe, kisha akampigia simu.

"Limepatikana, dada. Ila bado."

"Lete hivyo hivyo."

"Gumu kama jiwe."

"Kama kichwa chako. Lete, nitalishika tu."

"Vuta subira kidogo. Nataka ulile likiwa limeiva sawasawa."

"Na nikiiva mimi kwanza?"

Wakacheka wote wawili.

Angeweza kulivundika pamoja na ndizi. Pumzi ya papai ingelilainisha upesi. Hakutaka. Matunda ya watu aliyaharakisha maisha yake yote; hili la dada alitaka liive kwa pumzi yake lenyewe. Akaliweka peke yake juu ya kabati. Kila asubuhi alilibonyeza kwa kidole gumba, na kila asubuhi alijiambia, kesho. Nyumbani kwa dada hapakuwa mbali, mtaa wa pili tu.

Siku lilipoitikia kidole, nyumba nzima ilinukia. Alikuwa akilifunga kwa kitambaa safi simu ilipolia. Alikuwa mpwa wake, na maneno hayakumtoka, kilio tu.

Alikwenda nalo vilevile. Akasimama mlangoni, kifurushi mikononi, asijue amkabidhi nani. Mpwa wake ndiye aliyekipokea.

"Mjomba, mama alikuwa hali tena kitu," alisema taratibu. "Lakini kila mlango ulipogongwa aliuliza, 'Ni Bado huyo?'"



Siku hizi mchuuzi akija kuuliza kama ndizi zimeiva, haminyi wala hanusi. "Chukua," anasema. Wengine huondoka na mikungu mibichi, wakinung'unika njiani kwamba mzee kazi imemshinda. Yeye hurudi kukaa kwenye kigoda chake, mlango wa chumba umeachwa wazi nyuma yake, pumzi yote ikipotelea nje.