Fundo la Kushoto

Octave alikuwa mchoraji wa mabango ya saluni, na mtaa mzima wa Hillbrow haukuwa na kinyozi asiyemjua. Mkono wake ulikuwa na baraka, hilo halina ubishi. Ubaya ni kwamba mkono huo ulimpendeza pia Wijeratne, Msirilanka mwenye kiduka cha kuchapisha kule Marshalltown, na huyo hakuwa na haja ya picha za vinyozi.

Alichotaka ni katuni za watu wazima, zile ambazo kwao Sri Lanka kila mtu anazijua na hakuna anayekiri kuzijua. Zamani zilikuwa vijitabu vya kuficha chini ya godoro. Mwaka huo wa 2017 zilikuwa zikirushwa kwenye simu. Octave alichora picha, viputo vya maneno akaviacha vitupu, Wijeratne akavijaza Kisinhala. Watu aliowachora walikuwa wakiambiana nini mle ndani, Octave hakujua hata herufi moja. Alijifariji kwamba asichokielewa hakimhusu. Haya, jidanganye tu.

Siku moja Wijeratne akamwambia, huku akicheka, kwamba wasomaji wamelipenda lile fundo. Fundo gani? Akaonyeshwa. Kila mwanamke aliyemchora alikuwa amefunga nguo kiunoni kwa fundo la kushoto, ncha moja imechomekwa ndani. Lilikuwa fundo la mkewe, Thérèse, fundi cherehani, ambaye kidole gumba chake cha kulia hakikunjiki tangu utotoni, ikabidi ajizulie namna yake ya kufunga kitenge. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Mkono ulikuwa umechora ulichozoea kuona nyumbani.

Aliomba kulibadilisha. Wijeratne akakataa. Aliomba kuacha kazi kabisa. Wijeratne akavuta droo, akamwonyesha michoro yake yote, kisha akamuuliza kwa upole kanisa analosali na mkewe liko mtaa gani. Octave akarudi kwenye kiti chake. Tangu hapo akawa mtu wa kuogopa simu ya kila mtu, na kila asubuhi Thérèse alipojifunga kitenge, yeye alitazama ukutani.

Jumamosi moja mchana alimkuta mkewe amesimama kando ya cherehani, hashoni.

"Baba Gaëlle, leo nilipata mteja, dada wa Sri Lanka. Ana sherehe. Alitaka nguo yake ifungwe kama kwenye picha ya simu, anasema kwao ni mtindo wa utani sasa. Nikaangalia. Nikamwambia, fundo hilo nalijua. Kisha picha ikateleza, nikaona yote, na mkono wako nikautambua."

Aibu ilimjaa Octave mpaka masikioni.

"Sikuulizi kitu," Thérèse akasema. Akafungua kitenge alichovaa juu ya gauni, akajaribu kukifunga kwa fundo la kulia. Kidole kikagoma. Akajaribu tena, kitenge kikaanguka. Machozi ya hasira yalikuwa yakimlengalenga. "Hili la zamani silitaki tena. Nifunge wewe. Namna nyingine yoyote."

Octave akapiga magoti, akashika ncha mbili. Alitaka, kwa moyo wake wote alitaka. Vidole vyake vikavuta kushoto, vikazungusha, vikachomeka ncha moja ndani.

Thérèse akainama, akaangalia kiunoni pake.

"Ni lile lile," akasema.