Kichwa Kikubwa, Herufi Nane

Ninasimulia hili nikiwa bado naona haya. Mimi ni mwalimu hapa Kasongo. Juma lililopita nilitunga fumbo la maneno, maswali yote yakihusu kichwa, nikalibandika ukutani mwa chumba cha walimu. Swali moja lilisema: "Iko na kichwa kikubwa bila akili. Herufi nane." Nilitaka waandike "musumari".

Saa ya mapumziko nikakuta wenzangu wanacheka pale ukutani. Nikajipenyeza nione kuna nini. Katika visanduku vinane vya swali lile mtu alikuwa amejaza jina la direkteri wetu, mkuu wa shule: RAMAZANI. Direkteri mwenyewe alikuwa nyuma yangu, anahesabu kwa kidole.

"Inaingia sawasawa," akasema polepole. "Nani alitunga hili swali?"

Wenzangu wote wakanitazama mimi.