Dumuzi wa Matisi na Mnada wa Kimya

Siku ya kwanza Phelista Nakhumicha kusimama mbele ya kibanda changu cha mitumba sokoni Kitale, alinipotezea asubuhi nzima. Nilikuwa nimefungua robota la majaketi, na kati ya majaketi ya heshima kulikuwa na moja la ngozi nyeusi, limejaa misumari mabegani kama ukuta wa tajiri anayeogopa wezi. Walimu waliligusa wakarudisha mkono. Wachungaji walilikemea. Nilikuwa karibu kumpa fundi viatu alikate viraka, ila mteja hana haki ya kujua mambo kama hayo.

"Mama, hii ngozi imekufa," akasema, akiikunja.

"Ngozi zote zimekufa, mami. Ulitaka yenye inapumua?"

Hakucheka. Alihesabu misumari iliyotoka, akanionyesha bitana iliyochanika, akanusa kwapa, akaniuliza kama mwenyewe alifia ndani. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni akatoa kaseti isiyo na maandishi.

"Hiyo si ya jaketi," nikamwambia. "Hiyo inauzwa kando."

"Mama, ukinunua kuku ukute yai ndani, huwa unarudisha yai?"

Nikaiweka kaseti kwenye redio niliyokuwa nikiitia wateja kwa nyimbo za injili. Ilitoka sauti kama kinu cha posho kilichomeza spana, na mwanamume akipiga kelele kama aliyeuziwa gunia la mchanga. Jerono, aliyeuza sweta kibanda cha pili, aliniambia nipeleke redio kwa fundi. Nakhumicha alikuwa amesimama wima, mdomo wazi.

"Hawa hawajui kupiga gitaa," akasema.

"Hata mimi nasikia."

"Na bado wamerekodi." Akalipa bila kuongeza neno, akaondoka amevaa jaketi kwenye jua kali, kaseti akiichukua kama nyongeza. Mimi nilijiona mshindi. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu.

Baadaye nilijua habari zake, maana soko halifichi kitu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikaa kwa shangazi yake mtaa wa Matisi, akijifunza ushonaji. Baba yake, Mzee Wakhungu, alikuwa mzee wa kanisa huko Kanduyi, ukingoni mwa mji wa Bungoma. Msichana huyu alikuwa na sikio la ajabu. Akiwa nje ya kanisa aliweza kukwambia ni nani kwenye safu ya nyuma ameimba vibaya. Kwaya ya baba yake haikuwa na mwalimu, na kila akienda nyumbani mzee alimwomba aichukue. Kila mara alikataa. Alisema kwaya ile huimba kama watu wanaoomba radhi kwa kupiga kelele.

Badala yake akaunda bendi. Mukhwana, fundi wa kuchomea vyuma hapo Matisi, alijitengenezea gitaa la besi ambalo lilikuwa na uzito wa geti, kwa sababu nusu yake ilikuwa geti. Kipkemei, mtoto wa mkulima wa mahindi kutoka miteremko ya Elgon, alikuwa akifundisha kwa muda katika shule fulani ya msingi, na ngoma za gwaride za shule hiyo zilikuwa zikisafiri naye kila wikendi. Wakajiita Dumuzi. Mtu wa Trans-Nzoia hahitaji kuelezwa. Dumuzi ni yule mdudu anayeingia ghalani, na ukija kufungua gunia unakuta unga ambao hukuusaga.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kukodisha spika na jenereta kwa harusi, matanga na harambee. Wakaja kwangu wakitaka vyombo. Hawakuwa na kitu, kwa hivyo tukakubaliana hivi: wao watabeba spika, watakunja nyaya na watakaa nyuma ya pikapu wakishikilia jenereta isidondoke. Mimi nitawaacha wapige kabla wageni hawajafika. Wapagazi watatu bila mshahara! Ningekataa vipi?

Shida yao ilikuwa moja. Hawakuwahi kufika mwisho wa wimbo. Matisi, mwenye nyumba alizima umeme wa ploti nzima. Kiminini, mama ya bibi harusi alipanda jukwaani akaikalia ngoma. Katika ufunguzi wa duka la mbolea, mwenye duka alidhani kuna vita akafunga milango. Wimbo wao mkubwa ulikuwa "Pika Mwenyewe", habari za wanaume wanaoketi kwenye viti vya plastiki wakingoja chai huku wasichana wakiliwa macho na moshi. Nilisikia ubeti wake wa kwanza hata nikiwa usingizini. Ubeti wa mwisho hakuna binadamu aliyeusikia.

Mwaka uliofuata Kipkemei akapata nafasi ya chuo cha ualimu Eldoret, na mwalimu mkuu akataka ngoma zake kabla kijana hajaondoka. Ilibaki Jumamosi moja tu. Jumamosi hiyo nilikuwa nimekodiwa Kanduyi, kwenye harambee ya mabati ya kanisa la Mzee Wakhungu.

"Mama Wacera," Nakhumicha akaniambia tukipakia vyombo, "leo nataka wimbo mmoja. Mpaka mwisho. Baadaye wakitaka wanizike."

"Mazishi yana bei yake kando. Baba yako anajua?"

"Amesema tupige wageni wakikaa. Anadhani ni pambio."

Watu wa Kanduyi wana harambee yao, na wageni wa sehemu nyingine wangeshangaa. Hakuna anayeaibishwa kwa kutokuwa na pesa. Unatoa ulicho nacho: mahindi, kuku, siku ya kulima. Kuku akinunuliwa, mnunuzi humrudisha auzwe tena, hata kuku mwenyewe achoke. Unaweza pia kumnunua jirani yako asimame kwenye jua, naye lazima atoe kitu ndipo akae. Mradi mtu atoe na watu wacheke. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya mnada, kwa sababu nina sauti na sina ukoo hapo wa kupendelea. Malipo yangu yalikuwa gunia moja kutoka kwenye mahindi yatakayopatikana.

Wageni wakaketi. Nyuma ya kanisa akina mama walikuwa wameinamia sufuria. Nakhumicha akapanda jukwaani na lile jaketi, Kipkemei akahesabu kwa vijiti, na Dumuzi wakaanza.

Mtoto mmoja alilia. Askofu mgeni alishika kofia. Kabla ya ubeti wa kwanza kuisha, mwenyekiti wa harambee, Bwana Makokha, mwenye mashamba na matrekta, alikuwa amesimama na mkono juu.

"Mama wa mnada! Natoa debe ya mahindi hii kerere inyamaze."

Watu wakaangua kicheko. Nikaangalia debe, nikaangalia Nakhumicha, nikainua mkono wangu. Muziki ukakatika. Makokha akapigiwa makofi kama aliyejenga daraja.

Basi vijana wa boda boda za baiskeli, waliokuwa wameegemea ua, wakachanga. "Kuku mmoja, waendelee!"

"Kuku amepokelewa. Endeleeni."

Kipkemei alikuwa na tatizo lake: hakuweza kuanza wimbo katikati. Akarudi mwanzo. Makokha akatoa madebe mawili. Vijana wakarudi na jogoo. Makokha akatoa gunia. Vijana wakatoa jogoo yuleyule, wakadai kwamba sasa ni mkubwa zaidi. Nikampokea, maana kwa sheria za pale alikuwa halali. Kila mara wimbo ulianza upya, na kila mara ulifia karibu na palepale, kwenye viti vya plastiki.

Mimi nilikuwa nimeshaona biashara. Miaka yote niliyokodisha spika, sikuwahi kuona mtu akilipia muziki kwa moyo mweupe. Lakini kuunyamazisha? Watu walikuwa wakitoa magunia huku wakicheka! Mzee mmoja wa Cheptais aliyekuja na wageni alininong'oneza kwamba wao pia wana harambee, ya josho la ng'ombe, na kama ningeleta "hawa watoto wa kununuliwa". Nikamwambia nitawaleta Jumamosi anayotaka.

Ndipo Makokha akachoka na mchezo. "Sikia mama. Natoa ndama. Yule mweusi mwenye alama kwa uso. Lakini wakinyamaza, wamenyamaza kabisa. Leo hakuna tena."

Vijana wakaangalia jogoo wao, wakaona hapandi hadi hapo. Nikaita mara ya kwanza. Nikaita mara ya pili, polepole, maana ndama huuzwa polepole. Nakhumicha alikuwa ameshika gitaa kwa shingo. Alijua Kipkemei anaondoka na ngoma zinarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya mwisho, na alijua.

Akanipokonya kipaza sauti.

"Mimi pia natoa," akasema. "Natoa Jumamosi zangu. Mwaka mzima. Nitafundisha kwaya."

"Jumamosi si mali," Makokha akasema.

"Mwenyekiti, juzi hapa mmepokea siku za kulima."

"Kulima ni kulima."

"Na kwaya yenu ni shamba lenye halijawahi kuona jembe."

Vijana wa boda boda walilala juu ya baiskeli zao kwa kucheka. Kwaya haikucheka. Makokha akamgeukia Mzee Wakhungu, aliyekuwa ameketi meza ya mbele akiangalia viatu vyake tangu mnada uanze. "Mzee, sema na mtoto wako."

Mzee Wakhungu akasimama. Hakumtazama binti yake. Alizungumza kama mtu anayenunua ng'ombe na hataki muuzaji ajue anamtaka.

"Jumamosi zote?"

"Zote, baba."

"Hata za mvua?"

"Hata za mvua."

"Na hiyo jaketi haiingii kwa mazoezi."

Nakhumicha akafikiri kidogo. "Haiingii."

Mzee akamgeukia Makokha. "Mwenyekiti, ndama tutakula siku moja. Kwaya hii inaniumiza kila wiki."

Ningeweza kuchelewesha. Ningeweza kumwuliza Makokha kama ana ndama wa pili, na alikuwa naye. Lakini mwenye kanisa alikuwa amekwisha kusema, na uwanja mzima ulinitazama. Nikagonga meza.

Wakapiga wimbo. Nitasema ukweli: haukuwa mzuri. Mukhwana alipotea katikati akarudi upande usio wake. Ila ulipofika kwenye kiitikio, pale nyuma ya kanisa mtu mmoja alianza kupiga kifuniko cha sufuria, mwingine akafuata, na mpaka sasa hakuna mama wa Kanduyi aliyekubali kwamba ni yeye. Ubeti wa mwisho, ule nilioungoja mwaka mzima, ulikuwa sawa na wa kwanza, isipokuwa mwishoni msichana anavua leso ya jikoni na kumvisha mgeni. Kisha ukaisha. Chai ya wageni ilikuwa haijachemka bado. Wimbo wote ni mfupi kuliko maombi ya kubariki chakula. Mwaka mzima wa Jumamosi, kwa kitu kama hicho!

Nilipoamka kutoka kwa mnada wangu nikaona nilichogonga. Harambee hufanywa siku gani? Jumamosi. Harusi? Jumamosi. Nilikuwa nimeuza mali yangu mwenyewe kwa nyundo yangu mwenyewe.

Tukipakia spika nikamwita kando. "Nakhumicha, ahadi za harambee nani hulipa? Hata Makokha, hayo magunia utayaona?"

"Magunia hawajala bado. Mimi wimbo nimeshakula."

"Nitakupa nusu ya kila tunachopata. Cheptais wanangoja."

"Tafuta mwingine, Mama. Kupiga kelele si ni rahisi?"

Nikatafuta. Nilichukua vijana watatu wa stendi, nikawapa magitaa, nikawapeleka Cheptais. Walipiga kelele kuliko Dumuzi. Hakuna aliyetoa hata yai. Mzee mmoja aliinuka, akaenda akazima jenereta, akarudi akakaa.

Kipkemei alimaliza chuo, siku hizi ni mwalimu huko Endebess. Mukhwana bado anachomelea mageti. Nakhumicha alilipa Jumamosi zake zote, za mvua na za jua, na kwaya ya Kanduyi ikaanza kuimba kwa kasi ambayo iliwashtua wazee waliozoea kusinzia. Makanisa mengine ya Bungoma yakaja kumwomba, naye hayo hakuyapa bure. Gitaa aliliuza kumlipa mpiga kinanda. Bendi haikupiga tena mahali popote.

Kwa hivyo kanisa lilipata mabati na mwalimu. Mimi nilipata gunia langu, nikapoteza biashara ambayo ingenijengea nyumba, na wapagazi watatu. Nakhumicha alipata wimbo mmoja mzima, akalipa kwa bendi. Aliyetoka pale na faida safi ni Makokha, maana alirudi nyumbani na ndama wake.

Mwaka jana nilimkuta Nakhumicha huko Kanduyi nikamwambia wazi kwamba ile siku alipunjwa. Hakubishana, jambo ambalo si kawaida yake. Aliniuliza spika zangu nakodisha bei gani siku hizi, kwa tamasha la kwaya zake. Nikataja. Akasema spika zimezeeka. Nikasema sauti hukomaa. Tulisimama kwenye jua mpaka saa ya chakula, na nilipoondoka nilikuwa nimekubali bei ambayo sitaitaja hapa.