Fungate Kwenye Boma la Mawe

Tulifunga ndoa Ilford, huku Uingereza, mimi nikiwa nimevuka hamsini, yeye akikaribia sitini. Wote wawili tulikuwa tumefiwa na wenzi wetu. Watoto walitaka kutulipia hoteli ya ufukweni Hispania, mume wangu akakataa. Alikuwa dereva wa basi Stratford, na siku moja alipowapeleka watu wa kanisa magharibi kabisa mwa Uingereza, aliona juu ya milima isiyo na mti marundo ya mawe na kuta za mashamba zilizojengwa na watu walioishi huko kabla chuma hakijajulikana. Tangu hapo hakutulia.

"Ufukweni ukaone maji? Maji umeshayaona," aliniambia. "Twende tukaone mawe."

Nilicheka mpaka nikakubali.

Tulipofika, tuliacha gari kando ya barabara tukapanda mlima. Upepo ukaninyang'anya kilemba. Mume wangu akakikimbiza kama anayefukuza kuku, akakidaka juu ya rundo kubwa la mawe. Nikapanda, nikaketi hapo nijifunge upya.

"Mke wangu," akasema taratibu, "hapo ulipokaa ni kaburi."

Niliruka kama niliyekalia siafu. Nikamwomba radhi marehemu kwa Kiswahili, kisha, nikihofia hakunielewa, nikarudia kwa Kiingereza. Mume wangu alikuwa ameinama, kashika magoti, machozi ya kicheko yakimtoka.

Mara ukungu ukatufunika. Hatukuona hata miguu yetu.

"Usiogope," akasema. "Nimechunga ng'ombe Singida tangu utoto. Tuufuate ukuta huu, utatushusha hadi kwenye gari."

Ukuta wenyewe ulinifika magotini, umeota kuvu la kijani. Tukaufuata tumeshikana mikono, tunaimba nyimbo za harusi yetu. Tukapita penye uwazi, kondoo aliyepakwa alama ya rangi ya bluu mgongoni amelala. Tukaenda sana, tukakuta uwazi mwingine na kondoo mwingine wa bluu.

"Kondoo wa huku wanafanana," mume wangu akasema.

Mara ya tatu yule kondoo alisimama, akatutazama kama mwenyeji anayetazama wageni wasiojua kuaga. Ndipo nikaelewa.

"Mchunga ng'ombe," nikamwambia, "hili ni boma. Tunazunguka zizi!"

Alitaka kubisha. Akafungua mdomo, kikatoka kicheko tu, nami nikashindwa kusimama.

Tukaingia ndani ya boma kungoja ukungu upungue. Humo tukakuta duara dogo la mawe, msingi wa nyumba, na mawe mawili yaliyosimama pale mlangoni. Nikatangulia kuingia. Yeye akabaki nje.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Karibu, ila paa hatuna."

Akainama kupita, eti mlango mfupi. Tukaketi bega kwa bega, tukanywa chai ya chupa. Nikashika jiwe la mlangoni, baridi kama barafu. Kuna mtu alilibeba hadi hapa, mgongo ukimuuma, na labda mkewe alimwambia alisogeze kidogo kushoto. Nilimpenda mwanamke yule. Niliwapenda wote wawili.

Simu ikalia. Alikuwa binti yangu, akiuliza kwa Kiingereza chake kama tuko salama.

"Tuko nyumbani kwetu," nikamjibu. Nikamsikia akimwambia mumewe kwamba mama amerukwa na akili.

Kisha jua likatoka ghafla, ukungu ukapasuka, na mlima mzima ukawa wazi mbele yetu: kuta juu ya kuta, vishamba vidogo vimepangana kama vitambaa vilivyoshonwa pamoja, hadi chini bondeni, na gari letu kule pembeni, dogo kama kiberiti.

"Tukimbie!" nikasema.

"Kwa magoti haya?"

Tukakimbia. Katikati ya mteremko akateleza, akakaa chini kwa kishindo kwenye majani yaliyolowa, akabaki hapo hapo akicheka, mikono kaitandaza. Nikalala kando yake na koti langu jipya, maji yakanipenya mpaka mgongoni, wala sikujali.