Siku Ayeeyo Alipomzalisha Punda Lamu

Kila asubuhi punda wa muuza maji hupita nyuma ya nyumba yangu hapa Garissa, na akifika pale kwenye kona hulia kwa ile sauti yao ya kukwaruza, kama mlango wa bati usiotiwa mafuta. Mume wangu huziba masikio. Mimi hucheka peke yangu, kwa sababu sauti ile hunipeleka Lamu, mji niliofika mara moja tu, nikiwa na miaka tisa.

Nilikwenda na Ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba. Niliambiwa tunaenda kumsalimia Eeddo Hodan, shangazi yangu, aliyeolewa na mtu wa huko aitwaye Athman. Mimi nilikuwa mkalimani. Ayeeyo alikuwa mtu wa ngamia, na Kiswahili chake kiliishia kwenye bei ya maziwa. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na niwaambie ukweli, nilikuwa nimeshaanza kuringa.

Katika mashua ya kutuvusha kutoka Mokowe, Ayeeyo alinishika mkono hadi kucha zake zikaacha alama, akisoma dua zote alizozijua. Tulipokanyaga nchi kavu alitengeneza garbasaar yake, ile shali ya kichwani, akatembea kama mwenye mji. Vichochoro vilikuwa vyembamba hivi kwamba nilinyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili. Wazungu walikuwa wakipiga picha milango ya kuchonga. Ayeeyo akanong'ona, "Hawa kwao hawana milango?"

Watoto wa mtaa waliniita, "Ndoo! Ndoo!" Nikageuka huku na huku kutafuta ndoo. Kumbe kwa lugha ya kwao wananiambia njoo. Nami nilipowaambia kwamba nawapenda "bunda" wao, kwani ulimi wangu wa Kisomali haukuzoea p wala v, walicheka hadi wakakaa chini. Mkalimani mzima niligoma kufasiri hadi jioni.

Nyumbani kwa Athman, Ayeeyo alikula kidogo na kutazama sana. "Muulize ana ngamia wangapi."

Athman alitabasamu kwa adabu. "Mwambie mama, nina punda watatu. Wanabeba mchanga na mawe ya ujenzi."

Nilimfasiria. "Dameero," alisema Ayeeyo, yaani punda, kwa sauti ya mtu anayetema kokwa.

Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, tulisikia kishindo uani. Punda jike wa Athman alikuwa amelala ubavu, jasho limemlowanisha, anazaa na mtoto hatoki. Ulionekana mguu mmoja na ncha ya pua. Athman na jirani yake walikuwa wameushika ule mguu wakiuvuta kwa nguvu zote.

Ayeeyo alitupa shali yake begani mwangu. "Waambie waache kuvuta! Mguu wa pili umekunjika ndani. Watawaua wote wawili."

Nikapiga kelele, "Acheni kufuta! Mguu ingine iko ndani!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Athman aliachia mara moja, akaniangalia mimi, kisha Ayeeyo. "Mama aseme, mimi nitafanya."

Ayeeyo aliomba mafuta. Eeddo akaleta chupa ya mafuta ya nazi, kisha akarudi kusimama mlangoni. Ayeeyo alijipaka hadi kwenye kiwiko, akasema bismillahi, akapiga magoti kwenye damu na kinyesi. Alimsukuma mtoto nyuma taratibu, akautafuta ule mguu, akaukunjua huku amefumba macho. Athman alikaa chini vilevile, kichwa cha punda mapajani mwake, akimfuta macho kwa kikoi chake na kumsemesha.

"Sasa," alisema Ayeeyo. "Akisukuma yeye, ndipo tuvute."

Nikafasiri. Jirani na Ayeeyo wakavuta. Mtoto akateleza akatoka, masikio yamelala kama majani mabichi. Ayeeyo alimtekenya puani kwa unyasi, mtoto akapiga chafya. Athman alikuwa analia waziwazi, bila kujificha.

Kesho yake tulirudi Garissa, mimi na Ayeeyo. Shuleni niliandika insha kuhusu kuzaliwa kwa punda, nikapata alama nzuri kuliko wote.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza kwamba Ayeeyo hakwenda kusalimia. Ukoo ulikuwa umeamua Hodan arudishwe nyumbani, aachane na mtu wa mbali asiye na mifugo ya maana, na Ayeeyo ndiye aliyetumwa kumleta. Aliporudi bila yeye na wazee wakamuuliza, aliwajibu kwa ufupi: "Nimemwona mumewe akifanya kazi. Mwacheni binti yangu."

Eeddo bado yuko Lamu, na watoto wake wanne. Nikiikumbuka siku ile sasa, namwona pale mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, hasogei. Sisi wote uani tulikuwa tukimtazama punda. Yeye peke yake alikuwa akimtazama mama yake.